Neno la Kliniki na Shimo la Ndizi

Nimshukuru kwanza Mungu, aliyeniamsha leo bila mimi kumwomba, akaniachia macho ya kuona mistari ninayoiandika na mkono usiotetemeka sana. Amenivumilia miaka mingi kuliko nilivyostahili. Kama katika haya kuna neno litakalokufaa, mwanangu, limetoka kwake. Makosa ni yangu mwenyewe, nawe utayaona, maana sitayaficha.

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, nikiwa baba wa mtoto mmoja tu, nilipoendesha baiskeli kutoka kwetu Nyabiyonza kwenda kliniki ya watoto Nyakahanga. Mke wangu alikaa kwenye keria, amempakata binti yetu Kokushubira, ambaye tulimwita Koku. Kwenye vilima tulishuka tukasukuma. Tulifika jua limeshapanda, suruali yangu nyeusi imegeuka nyekundu kwa vumbi.

Koku alikuwa na miezi kumi na sita na alikuwa hajasimama. Kukaa alikaa, tena vizuri, na kula alikula kama mtu aliyetoka kulima. Alijua kucheka na kuita kuku. Lakini ukimshika kwapani ukamweka chini, miguu ilikunjika kama kitambaa. Watoto waliozaliwa mwezi mmoja naye walikuwa wanakimbiza mbuzi.

Muuguzi wa siku ile alikuwa dada mwembamba, mgeni katika kazi, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Alimpima Koku uzito, akamkunja magoti, akamkunjua, akamgonga nyayo kwa kidole mpaka mtoto akacheka. Akaandika kwenye kadi. Kisha akaniangalia mimi, si mke wangu, akasema, "Miguu haina shida. Hapa ni suala la maturation tu. Mrudi baada ya miezi miwili."

Sasa, mwanangu, hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kijijini kwetu wakati ule, mtu wa kidato cha nne aliitwa kusoma barua za watu, na kwenye usharika nilifundisha shule ya Jumapili. Nilidhani yule dada ameona kalamu kwenye mfuko wa shati langu, akaona anipe heshima kwa kunisemesha kisomi. Lile neno sikulijua. Sikuwahi kulisikia. Ningeweza kusema, "Dada, niambie kwa Kiswahili." Badala yake nilitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na jambo alilolijua siku nyingi, nikasema, "Naam. Nilifikiri hivyo."

Tulipofika mteremko wa kwanza mke wangu aliuliza, "Amesema nini?"

"Si ulisikia? Amesema ni maturation."

"Ndiyo nini hiyo, Baba Koku?"

"Ni neno la kitaalamu."

Akamfunika Koku kwa kanga. Baiskeli ikashuka na sisi mpaka bondeni. Tulipoanza kusukuma tena aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni ugonjwa mkubwa?"

Mungu anisamehe. Nilimjibu, "Ni wa kawaida kidogo." Nilisema hivyo kwa sababu sikujua, na asiyejua hupenda kusimama katikati. Lakini yeye alishika lile neno "ugonjwa," ambalo mimi sikulikanusha, akalibeba mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo alikuwa anamwogesha Koku huku akimkandakanda miguu na kulia kimya kimya. Nilimwona. Nilijua kwamba ni mimi niliyempa kilio kile, na sikujua jinsi ya kukichukua tena.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la Mzee Salum. Mzee huyu asili yao ni Tanga. Baba yake alikuja Karagwe na biashara ya nguo, akaoa, akazeekea huku. Alikuwa na kamusi nene la Kiingereza lililoungwa kwa gundi, alilolitunza nyuma ya makopo ya chai, na watu wote wa senta tulimheshimu kwa ajili yake.

"Shikamoo, Mzee Salum."

"Marahaba, mwinjilisti mtarajiwa. Leo wataka sabuni ama wataka elimu?"

Nikamwambia neno, bila kumwambia limetoka wapi. Akavaa miwani yake yenye kamba, akalamba kidole, akapekua. Alipolipata alicheka kidogo.

"Haya, sikiliza. Tunda kukomaa na kuiva. Hiyo ya kwanza. Mtoto kubalehe. Hiyo ya pili. Na hii hapa, jipu kutunga usaha." Akainua macho. "Sasa wewe wataka lipi katika haya?"

Nilisimama pale nimeshika kaunta. Kubalehe, mtoto wa miezi kumi na sita? Jipu? Nilianza kufikiri pengine ndani ya mifupa ya mwanangu kuna usaha unaotunga, na yule dada ameniambia kwa upole ili nisishtuke. Halafu nikafikiri, mbona alisema miguu haina shida? Nikamuuliza Mzee Salum neno moja linawezaje kuwa tunda, na mtoto, na jipu.

"Hao wenye lugha yao ndio waulizwe," akasema. "Mimi nauza chumvi. Lakini bwana wee, mbona umekuwa mweupe hivyo? Kuna mgonjwa?"

"Hapana, Mzee. Ni la kitabuni tu."

Unaona, mwanangu? Nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema ukweli, mbele ya mtu mzima aliyeniuliza kwa huruma, na nikaipitisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na maana tatu badala ya kutokuwa na hata moja, na nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka.

Siku zile nyumbani kwa baba yangu kulikuwa na maandalizi. Dada yangu mdogo alikuwa anaolewa, na wageni wa upande wa bwana harusi walitarajiwa baada ya juma moja. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alishafika kutoka kwake na vikapu vyake na mdomo wake. Nilimpenda shangazi, na bado nampenda kaburini alipo, lakini alikuwa mtu wa kusema jambo likiwa bado linafuka moshi. Siku ya pili tu alimwangalia Koku aliyekaa mkekani, akasema jikoni mbele ya wanawake wote, "Katika ukoo wetu hatujawahi kuwa na mtoto asiyetembea. Hili limetoka upande mwingine. Wageni watakuja hapa wamwone anajiburuza, watasema tumewaficha kitu, na huyu binti anayeolewa atarudishwa."

Mke wangu alikuwa anamenya matoke. Kwao ni Bugomora, na upande mwingine pale jikoni alikuwa ni yeye peke yake. Hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya.

Niliposikia hayo niliamua kwamba Koku lazima asimame kabla ya wageni kufika.

Nikueleze sasa kazi ya ndizi, maana wengine mnaosoma hamkukulia huku. Kwa ajili ya juisi tamu ya ndizi, ile tunayoiita omuramba, huwezi kusubiri ndizi ziive moja moja kwenye mgomba. Unachimba shimo, unachoma ndani yake majani makavu ya mgomba mpaka udongo wa kuta unashika joto, unatandika majani mabichi, unapanga mikungu, unafunika kwa majani na udongo. Pembeni unaacha kitundu cha kupulizia moshi. Baada ya siku nne hivi unafukua, ndizi zote zimekuwa za njano kwa pamoja. Huko ndiko kuvundika. Baba yangu aliijua kazi hii kuliko mtu yeyote kijijini, na sherehe hii ilikuwa ya binti yake. Mimi nilipewa kazi ya kukata mikungu. Aliniambia idadi, nikaikata. Ilipungua mmoja. Jua lilikuwa kali, nikakata mkungu wa karibu ambao ulionekana mkubwa vya kutosha, nikatimiza hesabu.

Tulipokwisha kufunika shimo, nilibaki peke yangu nikilitazama. Na hapo, mwanangu, maana ya kwanza ya Mzee Salum ikaniingia kichwani na nikadhani nimeelewa. Tunda kukomaa na kuiva! Basi mtoto wangu ni kama ndizi ambayo bado. Na ndizi ambayo bado, sisi watu wa huku tunajua la kuifanya. Nilifurahi kama mtu aliyefunuliwa siri. Pia nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba mtoto mzito wa kusimama huchimbiwa kishimo, akasimamishwa ndani, udongo ukamshika mapaja. Nikaunganisha haya mawili. Udongo wa kando ya shimo la ndizi ulikuwa na joto. Nikachimba kishimo hapo hapo.

Nilimchukua Koku mke wangu akiwa ameenda kuchota maji. Nikamsimamisha, nikamjazia udongo mpaka juu ya mapaja, nikaushindilia kwa mikono. Mwanzoni alicheka. Akapiga makofi juu ya udongo. Nikamwambia, "Simama, mama, simama." Kisha akaanza kunung'unika, nikaona ni uvivu. Nikasogea hatua kadhaa nikakate majani ya kuongezea kwenye shimo la ndizi, nikiwa namsikia analia, na nikajiambia kwamba hata dawa huwa chungu.

Sikukaa sana, lakini nilikaa. Niliporudi nilimkuta baba yangu amepiga magoti, anafukua udongo kwa vidole kama mbwa. Hakuniangalia. Alimtoa mtoto, akampangusa. Miguu ya Koku ilikuwa myekundu kuanzia mapajani mpaka kwenye nyayo, na upande uliokuwa karibu na shimo la ndizi ulikuwa umevimba.

"Ni nani aliyefanya hivi?"

"Ni mimi, Tata."

Nilitegemea anipige. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, lakini ningepokea. Akasema tu, "Nenda kachukue maji ya baridi," akaondoka na mtoto.

Mke wangu alimkuta Koku jikoni miguu ikiwa imelowekwa kwenye beseni. Aliuliza, akaambiwa. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani akaanza kukunja kanga zake na kuzipanga kwenye kikapu, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu sana. Nikasimama mlangoni.

"Mama Koku, unafanya nini?"

"Shangazi yako amesema ugonjwa huu umetoka kwetu. Basi naurudisha kwetu."

"Nilitaka kumsaidia."

"Najua ulitaka." Akakunja nyingine. "Ulimwacha analia ukaenda kukata majani."

Aliyemzuia alikuwa baba. Alikuja akakaa kwenye kizingiti, mzee mzima, akamwambia mkwewe kwa heshima kubwa, "Mwanangu, nakuomba siku nne. Tufukue ndizi, tumuage wifi yako mdogo, kisha nitakusindikiza mimi mwenyewe mpaka kwenu kama bado utataka." Mke wangu alikubali kwa ajili yake. Kikapu kilibaki mlangoni kimefungwa. Nilikiruka kila nilipoingia na kila nilipotoka.

Uvimbe ulishuka kesho yake, tukamshukuru Mungu. Lakini Koku hakutaka tena kuja kwangu. Nikinyoosha mikono alikuwa anageuza uso.

Siku ya nne tulifukua shimo. Harufu ilipanda tamu mpaka nyuki wakaja. Baba alikuwa anatoa mkungu, anautazama, anatupa ndizi moja mdomoni, anacheka. Ulipotoka mkungu mmoja aliacha kucheka. Ganda lilikuwa limebadilika rangi kwa mabaka, limesinyaa. Alimenya ndizi moja akanipa. Ilikuwa imelegea na bado ni kavu, haina utamu, inakamata ulimi.

"Ni nani aliyeukata huu?"

"Ni mimi."

"Uliangalia nini?"

"Hesabu. Ulikuwa umepungua mmoja."

Akachukua ndizi nzuri na ile mbaya, akaziweka kwenye viganja vyangu. "Pitisha kidole," akasema. Ile nzuri ilikuwa ya mviringo, imejaa. Ile yangu ilikuwa bado na pembe, kali kama ukingo wa meza. "Hii ilikuwa na kazi ya kufanya kwenye mgomba. Ilibakiza mwezi mzima. Kazi hiyo haifanywi na shimo, wala moto, wala mimi mwenye shamba. Mimi napalilia na kuweka samadi na kufunga mti ili upepo usiuangushe. Nikishamaliza hayo nasubiri, na kila siku napitisha kidole." Akaitupa ile mbaya kwa ng'ombe. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Yule dada wa kliniki alisema nini hasa?"

Mwanangu, niliona kikapu cha mke wangu akilini. Mke wangu mwenyewe alikuwa pale pale, anabeba mikungu kwenda kwenye mtumbwi wa mbao wa kukamulia juisi, na alisimama asikie. Nikasema, "Tata, sijui. Alisema neno la Kiingereza na sikulijua. Sikulijua siku ile na silijui leo."

Mke wangu akatua mkungu chini. "Hukujua?"

"Sikujua."

"Siku zote hizi nimelia kwa ajili ya ugonjwa ambao hukujua hata kama upo?"

"Ndiyo."

Nilidhani atachukua kikapu saa ile ile. Lakini akasema, "Basi baada ya sherehe tutarudi kliniki. Safari hii nitauliza mimi."

Wageni walikuja, walikula, walikunywa, wakamwona Koku akijiburuza, wakampa ndizi. Hakuna aliyesema lolote. Dada yangu aliolewa na hakurudishwa.

Kliniki tulimkuta dada yule yule. Mke wangu aliweka mtoto mezani akasema, bila shikamoo nyingi, "Dada, sisi hatukuelewa. Tuambie kwa maneno ya nyumbani." Yule muuguzi alituangalia, akashika mdomo. Akasema, "Jamani, nisameheni. Siku ile mlimwona daktari mkubwa amesimama nyuma yangu? Nilitaka aone kwamba nimesoma." Tukacheka wote watatu, mimi nikicheka kwa aibu. Kumbe siku ile kulikuwa na watu wawili chumbani wenye kuogopa kuonekana hawajui, na mtoto katikati yetu.

Ndipo alipotueleza. Alisema mwili wa mtoto una mpango uliowekwa ndani yake. Shingo hukaza kwanza, ndipo mgongo, ndipo nyonga, ndipo miguu. Na ubongo nao unaunganisha mambo yake taratibu, kwa zamu, kila mtoto kwa mwendo wake. Kukua huko kutoka ndani, kusikofundishwa na mtu, ndiko wanakokuita maturation. "Halina maana ya ugonjwa," akasema, "wala si dawa. Ni jina la kazi ambayo mtoto anaifanya mwenyewe."

"Na sisi tufanye nini?" akauliza mke wangu.

"Chakula kizuri. Mweke chini acheze, usimbebe mgongoni kutwa. Mpe kidole ashike akitaka. Na mwisho wa mwezi wa kumi na nane, kama bado, mje siku hiyo hiyo. Msiseme tena tusubiri."

Hapo nilichanganyikiwa upya. Kama kazi ni ya mtoto, mbona tena kuna kazi yangu? Na kama kuna siku ya mwisho, huo mpango wa ndani vipi? Nilimuuliza, safari hii niliuliza. Akafikiri, akasema, "Baba, hata sisi tunaangalia kila mtoto. Ingekuwa ni rahisi kusingekuwa na kliniki."

Nikiri pia kwamba niliporudi nililitumia neno lile vibaya kwa upande wa pili. Nikawa mtu wa kuacha. Mke wangu akisema tumshike mikono, nasema ni maturation. Kahawa ikaota magugu. Jirani yetu mmoja, mtani wangu, alipita akaniamkia, "Baba Koku, naona na magugu yako yanakomaa kwa mpango wa ndani." Nikachukua jembe.

Koku alitembea siku ambayo hakuna aliyekuwa anamtazama kwa ajili hiyo. Tulikuwa tumeanika kahawa kwenye mikeka uani. Shangazi alikuwa amekuja kutusalimu, amekaa kwenye kigoda upande wa pili, kikapu chake miguuni, na juu ya kikapu kulikuwa na ndizi mbivu. Nilikuwa nageuza kahawa kwa mkono. Nikasikia mke wangu anavuta pumzi. Niliinua macho: Koku alikuwa amesimama katikati ya mkeka, punje za kahawa zimemganda magotini, amekunja uso kama mwenye hasira. Akachukua hatua. Akayumba. Nilitaka kuruka nimdake, na mke wangu akanishika ukosi wa shati. Akachukua nyingine, na nyingine, mpaka kwa shangazi, akaangukia kikapu, akashika ndizi.

Shangazi alimnyanyua akamkumbatia, machozi yanamtiririka. "Nilijua!" akasema. "Mimi nilijua tangu mwanzo!" Tukamwacha ajue.

Usiku huo, kabla ya sala, Koku alitambaa mpaka kwangu akapanda magotini mwangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kile kishimo. Kikapu cha mlangoni mke wangu alikuwa ameshakifungua siku nyingi, lakini mimi nilihesabu kwamba kimefunguliwa siku hiyo.

Sasa Koku ni mama wa watoto watatu, ameolewa huko huko Bugomora kwa wajomba zake. Mwaka huu alinipigia simu kuhusu kitindamimba wake, binti aliyefikisha miaka miwili bila kusema hata neno moja. "Lakini baba," akasema, "sina wasiwasi. Ni maturation tu, si ndiyo? Wewe si ulinisimulia?" Neno lililonitesa kwa kutolijua, sasa lilikuwa linamlaza mwanangu kwa kudhani analijua. Nilimuuliza, "Umempitishia kidole?" Hakuelewa. Nikamwambia, "Ukimwita kwa nyuma, anageuka?" "Mara nyingine," akasema. Nikamwambia apande bodaboda siku hiyo hiyo.

Walimkuta na maji nyuma ya ngoma za masikio. Ametibiwa, na sasa ananiita Babu kwa simu, ingawa bado analitamka kwa taabu. Kama mama yake angesubiri kwa jina la lile neno zuri, sijui. Kweli sijui.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na ninaitoa kama mtu ambaye bado hajaimaliza. Ukiambiwa neno usilolijua kuhusu mtu unayempenda, uliza hapo hapo, hata kama una kalamu mfukoni, hata kama watu wanakutazama. Aibu ya kuuliza ingeniisha kabla sijafika bondeni. Ya kutouliza naibeba mpaka leo kila nikikumbuka miguu ya mtoto. Ukishajua kwamba jambo fulani linakua lenyewe, liheshimu: usilichimbie shimo kwa sababu wageni wanakuja. Lakini usilipe kisogo pia. Palilia, weka samadi, na kila siku pitisha kidole. Na siku kidole kikikuambia kuna jambo, usitumie neno lolote, la Kiingereza wala la kwetu, kujibembeleza. Wapi hasa kungoja kunageuka kuwa uzembe, sikuweza kupata mstari wake. Kila mara nimelazimika kuinama nimtazame mtoto mwenyewe.

Yeye aliyekufuma tumboni mwa mama yako bila haraka na bila kuchelewa akutunze wewe uliyesoma mpaka hapa. Wanao wasimame kwa siku yao, na wewe uwepo uani wakisimama. Akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kungoja, na pale utakapovichanganya hivyo viwili, kama mimi, akutumie mtu wa kukufukua. Amina.